Vitabu Vyangu Vinakwenda na Sanduku la Harusi



Naandika haya saa kumi na moja kasorobo jioni, Bububu. Alasiri nimeshasali, uwanja umeshafagiwa, chupa ya chai ya mchaichai iko pembeni na kipande cha mkate wa kumimina kimebaki tangu asubuhi. Kuku wa jirani wanagombana nje. Hii ndiyo nusu saa yangu. Simu naiacha chumbani, kifudifudi, mimi nakaa uani na kitabu.

Ukiniuliza raha ya maisha yangu iko wapi, sina kubwa la kukutajia. Asubuhi naingia zamu katika duka la dawa mjini. Nakwenda kwa daladala namba 502, nikibahatika nafasi ya dirishani nasoma kurasa nne au tano kabla ya kufika Darajani. Siku nyengine mama wa pembeni anasoma na mimi kwa jicho la wizi, na nikifungua ukurasa mapema ananitizama kama nimemkatisha. Ijumaa nanunua kikuba cha asmini. Kikishanyauka sikitupi, nakitia ndani ya kitabu, na miezi ikipita nafungua ukurasa harufu ile bado ipo kidogo. Basi. Raha zangu ni hizo, Alhamdulillah.

Sasa nimeposwa. Ndoa inshaallah ni Mfunguo Tatu, baada ya Idi Kubwa. Wiki iliyopita shangazi yangu alikuja kukagua sanduku. Alihesabu doti za khanga, mashuka, chetezo, udi, mafuta, vyombo. Akaridhika. Kisha akaona kwenye kona vitabu vyangu kumi na moja nimevipanga.

"Na hivi?"

Nikamwambia, "Vinakwenda na mimi, shangazi."

Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, hivyo viache kwa mama yako. Huko unakwenda kuwa mke, si mwanafunzi."

Sikumjibu. Shangazi yangu ndiye aliyenilea nilipougua utotoni, na neno lake nalibeba. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na nimeamua kuyasema haya kwa sababu najua siko peke yangu.

Nianze na haki ya shangazi, maana anayo. Mwaka jana niliunguza wali wa watu wanane kwa sababu Adam Shafi alinishika mkono. Kilikuwa Vuta N'kuvute, na nilikuwa nimefika pahala ambapo mtu haachi. Na kuna siku nimesingizia kitabu ili nisioshe vyombo. Hilo ni kosa, na msomaji wa kweli hajifichi nyuma ya kitabu chake. Kama kusoma kwangu kunamfanya mama yangu aoshe masufuria yangu, hapo si kusoma tena, ni uvivu.

Shangazi ana khofu nyengine pia, hakuisema lakini naijua. Aliwahi kuniuliza kitabu kile kinahusu nini. Nikamwambia kinahusu msichana Yasmin, aliyeozwa mwanamme mzima kumzidi sana, akashindwa kukaa naye, akatoka. Uso wake ukabadilika. Kwake yeye, vitabu kama hivyo vinawafunza wasichana kukimbia.

Mimi naona kinyume. Kisa cha Yasmin hakikunifunza kutoka. Kimenifunza kuuliza kabla sijaingia. Alipokuja mchumba wangu nilikuwa na masuala yangu tayari: tutakaa wapi, kazi yangu itakuwaje, hasira yake ikoje, ada za skuli za wadogo zangu nitaendelea kuchangia au vipi. Msichana asiyesoma kitu wala kusimuliwa kitu huingia akitarajia ndoa ni siku ya kupambwa. Aliyekwisha kuishi ndani ya visa vya watu wengine anajua kuwa baada ya hina kufutika kuna maisha.

Lakini sababu yangu kubwa haiko kwenye kitabu cha Yasmin. Iko kwa mama yangu.

Miaka miwili nyuma tulikuwa tunasafisha kasha lake la zamani. Chini kabisa, chini ya khanga ambazo hazijawahi kukunjuliwa, nikakuta kitabu: Kuli, cha huyo huyo Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Ndani yake palikuwa na kibanio cha nywele kimeshika kutu, na kutu ile imechora mstari kwenye ukurasa wa 84. Nikamuuliza mama kibanio hiki cha nani.

Akakaa kitako. Akasema, "Changu. Hapo ndipo nilipofika wiki ya harusi yangu. Nikasema nitamalizia baada ya fungate."

Aliolewa mwaka 1996. Fungate ikaisha, ikaja mimba ya kaka yangu, akaja bibi kuugua, nikaja mimi, wakaja wadogo zangu. Hakuna aliyemkataza kusoma. Baba yangu, Allah amrehemu, hakuwa mtu wa kukataza. Hakuna hata siku moja ambayo mtu alimwambia weka kitabu chini. Ila pia hakuna siku moja ambayo mtu alimwambia kaa, soma, chai nitapika mimi. Na yeye hakuomba. Ikapita hivyo, zaidi ya miaka ishirini na tano, kibanio kiko ukurasa wa 84.

Nilichofanya ni kumsomea. Jioni baada ya Alasiri, yeye akichambua mchele au akikuna nazi, mimi nasoma kwa sauti. Tulianza upya ukurasa wa kwanza kwa sababu alikuwa amesahau. Ilituchukua wiki tatu. Tulipofika kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948, akaacha mbuzi ya nazi, akanambia kuwa babu yake mwenyewe alibeba mizigo bandarini zama hizo. Maisha yangu yote sikuwahi kulisikia hilo. Kitabu kilikuwa na mlango wa ukoo wetu ndani yake, na ulifungwa na kibanio cha nywele.

Ndiyo maana sikubali vitabu vibaki.

Dada zangu, wapo watakaosema dini inamtaka mke ashughulike na nyumba. Nyumba ni amana, sikatai. Lakini neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, lilikuwa Iqraa. Tunalifundisha chuoni kwa watoto wa miaka minne, kisha binti akishafika kuolewa tunalisahau. Na nyumbani kwake Mtume mwenyewe, Bibi Hafsa bint Umar alikuwa mke, na alikuwa anajua kuandika. Aliyemfundisha ni mwanamke mwenzake, Bibi Shifa bint Abdullah. Baadaye msahafu uliokusanywa zama za Abubakar ukaja kuhifadhiwa kwa Bibi Hafsa huyo huyo. Hakuambiwa kuwa umeshakuwa mke, kalamu iache kwa mama yako.

Hata wakubwa wetu wanapomfunda mwari humtaja Mwana Kupona binti Mshamu, yule bibi wa upande wa Pate aliyetunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima. Utendi ule unamfunza binti dini, adabu na kuishi na mume, na mimi nauheshimu. Lakini tazama jambo moja. Mwanzoni anamwita bintiye akae karibu naye pamoja na wino na karatasi. Mama anayemuandaa binti kwa ndoa anaanza na wino. Sisi leo tunayatumia mafundisho yake kumfunda mwari, halafu wino wenyewe tunauacha nje ya sanduku.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenzangu anayejiandaa ni mmoja: lisemee mapema. Tunazungumza mahari, ukumbi, nguo ya siku ya kutolewa nje, tunagombana hata kuhusu rangi ya maua. Kitu kidogo kama nusu saa kwa siku tunaona aibu kukitaja. Lakini hicho kidogo ndicho kinachopotea bila kelele. Mume hakuchukulii, anakuta tu hakipo, na yeye hajui kuwa kilikuwepo.

Mimi nilimwambia wa kwangu. Alikuja nyumbani na dada yake, mama yangu akiwa amekaa pale pale sebuleni. Nikasema, "Kuna jambo moja nataka ulijue. Kila siku baada ya Alasiri nina nusu saa ya kusoma. Nataka iendelee."

Akacheka kwanza. "Na mimi nikirudi nataka chai?"

"Chai itakuwa ndani ya chupa."

Dada yake naye akacheka. Kisha mchumba wangu akanyamaza kidogo, akasema jambo ambalo nimelikumbuka kila siku tangu hapo: "Sijawahi kumuona mama yangu ameshika kitabu zaidi ya msahafu. Sijui itakuwaje. Lakini nimekusikia."

Hakuniahidi pepo. Wengine mtaona jibu hilo ni dogo. Mimi nililipenda kwa sababu ni la kweli, na mama mkwe wangu mtarajiwa nimeanza kumfikiria tofauti. Huenda na yeye ana kibanio chake mahali. Nikishazoea kule nitamuuliza alipokuwa msichana alipenda kusoma nini.

Wala si lazima iwe riwaya. Wewe huenda raha yako ni tafsiri ya Qur'ani, au sira, au mapishi, au kitabu cha Kiingereza unachokisoma na kamusi pembeni. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa hapa hapa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, mimi bado naisoma polepole, na sioni haya. Huenda raha yako si kitabu kabisa, ni kudarizi au kupanda maua. La msingi ni kuwa iwe yako, isimdhulumu mtu, na isikupite sala. Na mume naye awe na yake, umlindie kama unavyotaka akulindie.

Na nyinyi mama zetu na shangazi zetu, tunawaomba. Mnapotufunda, tufundeni kupika, kujifukiza udi, kuvumilia na kunyamaza pale panapofaa. Mmeyapitia na mnajua. Lakini tuambieni pia mlichokiacha njiani na kama mnakijutia. Mama yangu asingeniambia habari ya ukurasa wa 84, ningefuata njia ile ile nikidhani ndiyo tabia njema.

Jana shangazi alirudi. Vitabu vilikuwa pale pale. Alivitizama muda, akashika kimoja, akakigeuza nyuma na mbele, akakirudisha. Akasema, "Haya. Basi vitie chini ya mashuka, watu wasivione."

Nimemshukuru na nimembusu mkono. Lakini vitakaa juu, karibu na chetezo. Vitakuwa kumi tu. Kuli nakiacha kwa mama. Amesema anataka kukisoma tena, safari hii mwenyewe, na kile kibanio amekisugua kutu na kukirudisha ndani, ukurasa wa kwanza.