Mnachukua Juni, Mnarudisha Lini?

Na Mama Zuhura

Wiki hii nilimsindikiza shoga yangu, mzaliwa wa Tanga, kwa mhasibu wake hapa Oakland. Yeye na mdogo wake wana nyumba ya kulea wazee yenye vitanda sita, na kazi wanaifanya kwa mikono yao: wanakesha, wanapika uji, wanabadilisha mashuka usiku wa manane. Mhasibu, macho kwenye kompyuta, akamwambia: "Mama, malipo ya Juni 15 yalipungua. Mtakatwa."

Shoga yangu akanigeukia. "Mama Zuhura, nakatwa nini tena? Si nimelipa?"

Alilipa. Alilipa pungufu kwa sababu siku hiyohiyo ilikuwa ya mishahara, akawatanguliza wafanyakazi. Ndivyo afanyavyo mwajiri muungwana, na asije mtu kuniambia alikosea. Kosa ni la kalenda ya California.

Mjomba wangu wa Pangani ataniuliza kodi ya Wamarekani inatuhusu nini. Inatuhusu, mjomba. Watu wetu wamefungua biashara huku, na sehemu ya faida hiyo ndiyo inayolipa ada za shule huko nyumbani.

Faida ya biashara kama hii huhesabiwa kuwa ya wenyewe, na kila mmoja huilipia kodi kwa jina lake. Mwaka 2017 Bunge la Marekani liliweka kikomo cha dola 10,000 kwa kodi za jimbo na za mitaa ambazo mtu anaweza kuziondoa kwenye mapato yake kabla ya serikali kuu kumtoza. Kikomo hicho kimepandishwa tangu 2025, lakini wakati ule kiliuma. Majimbo yakatafuta mlango: biashara, ambayo kikomo hicho hakiigusi, ilipe kodi ya jimbo yenyewe, kwa hiari, kisha mwenye biashara apewe nafuu ya kiasi hicho kwenye kodi yake binafsi. Serikali kuu iliukubali mpango huo Novemba 2020, na California ikautungia sheria 2021, kwa asilimia 9.3 ya faida. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni tarehe. Kufikia Juni 15 biashara itoe nusu ya kodi hiyo iliyolipwa mwaka uliopita, au dola 1,000 ikiwa ndiyo kubwa zaidi. Mwaka haujafika hata katikati, faida haijajulikana. Mwenye biashara naye ataiona nafuu yake atakapowasilisha hesabu mwaka unaofuata. Hata kwenye upatu, anayetoa mapema anajua siku yake ya kupokea, na hakuna kijumbe anayethubutu kumkata kwa kuchelewa kabla hata zamu yake haijafika.

Hadi 2025, ukipunguza malipo ya Juni ulifungiwa mlango mwaka mzima. Kuanzia 2026 wamelegeza: nafuu inapungua kwa asilimia 12.5 ya kile ulichoshindwa kulipa. Mkipungukiwa na dola 20,000, zinapotea 2,500. Wanaita kulegeza. Mimi naita faini kwa aliyelipa mishahara kwanza.

Na hapa ndipo panaponikasirisha zaidi. Viwango vya kodi ya mtu binafsi California vinaanzia asilimia 1 na kupanda polepole, lakini biashara inatozwa 9.3 moja kwa moja. Tajiri aliye kwenye asilimia 12.3 anaitumia nafuu yake yote mwaka uleule. Mwenye kipato cha wastani inamzidi, na kinachozidi harudishiwi. Kinasubiri miaka mitano, kisha kinakufa. Massachusetts inatambua asilimia 90 tu ya kodi iliyolipwa, lakini ikizidi deni lako, unarudishiwa fedha. Kama wao wanaweza, California iliyo kubwa kuliko wao inashindwa nini?

Wenye biashara za namna hii, msiingie kwenye mpango huu kwa kusikia kwamba fulani ameingia. Mwambieni mhasibu awapigie hesabu ya nafuu mtakayoitumia kweli, na fedha ya Juni iwekwe kando tangu Januari.

Nanyi wabunge wa Sacramento, sheria hii mmeiongeza hadi 2030. Futeni makato ya Juni, na kinachozidi mrudishieni mwenyewe. Ni fedha yake.