Lango la Angani

Mfanya biashara wa ng'ombe wa Bisil ajua vema kwamba barabara ipitayo mlangoni pake yafika Namanga, na ya kuwa mifugo haivuki mpaka huo bila kibali. Lakini aonapo ndege ikipita juu kuelekea Tanzania, huenda akadhani kwamba mbingu hazina lango. Sivyo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 wasema kwamba kila nchi yatawala anga yake, na kampuni itakayo kufanya safari za kila mara kwenda nchi nyingine sharti iombe ruhusa.

Ruhusa hiyo ni ya pande mbili: serikali ya kwao itoe, na ya ugenini ikubali. Jambojet ilianza safari za ndani ya Kenya mwezi Aprili 2014. Haikuvuka mpaka hata Februari 2018, ilipoanza kwenda Entebbe.

Mnamo Januari 2024 Tanzania ililalamika kwamba Kenya imeinyima Air Tanzania ruhusa ya kuchukua mizigo kati ya Nairobi na nchi za tatu. Basi ikatangaza kwamba tangu tarehe 22 Kenya Airways haitachukua abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Wakubwa wakasemezana, ruhusa ikatolewa, na katazo likaondolewa kabla ya siku yake.

Ugomvi ule ulikuwa wa mizigo, lakini aliyetiwa hofu ni abiria mwenye tiketi mkononi. Wafugaji wajua: amnyimaye jirani malisho wakati wa mvua, wakati wa kiangazi ataswaga ng'ombe wake wapi?