Pareto ya Meru na Ilimu ya Kambini

Japani ilipoingia vitani mwishoni mwa mwaka 1941, na shehena zake za pareto zikakoma kufika Marekani na Uingereza, mashamba ya nyanda za juu za Kenya, ambayo hayakuwa yametimiza hata miaka ishirini tangu yapokee ua hilo jeupe, yalijikuta ghafla yamekuwa tegemeo kuu la majeshi yaliyokuwa yakipigana katika nchi za joto, ambako mbu aghalabu aliwalaza askari wengi kuliko risasi. Wakati huohuo wataalamu wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walikuwa wakishughulika na tadbiri ya kuigeuza dawa ya pareto iwe ukungu mwembamba uwezao kuelea hewani. Na baada ya kuchanganya utomvu wa pareto na mafuta ya ufuta, na kuvisukuma kwa gesi iliyokuwa ikitumiwa katika majokofu, walipata mtungi mdogo wa chuma ambao askari aliweza kuubeba na kuufungulia ndani ya hema lake. Hati yao ya uvumbuzi ilitoka mwaka 1943. Viwanda, Westinghouse kikiwamo, vikaunda mitungi hiyo kwa mamilioni. Na vita vilipokwisha, fundi aitwaye Robert Abplanalp akabuni mwaka 1949 vali nyepesi na rahisi, hata kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya askari wa Pasifiki kikawa ndicho mkebe wa dawa ya mbu ambao leo haukosekani katika maduka ya Makutano mjini Meru wala katika soko la Embu.

Mikono mitatu ilikutana katika kazi hiyo: jeshi lenye shida na fedha, wataalamu wenye maabara, na kiwanda chenye mitambo na soko. Mkono wa Kenya ulikuwa wa nne, nao uliitwa kuchuma maua tu. Wakulima wa Kibirichia na Timau, ambao zao hilo liliwafikia baadaye, walichuma, wakaanika, wakapeleka; kiwanda cha Nakuru kikakamua; na hata katika miaka ile Kenya ilipokuwa ikitoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia, sehemu kubwa ya dawa iliondoka nchini ikiwa ghafi, ikarudi ndani ya mkebe wenye jina la kampuni ya ng'ambo na bei ya ng'ambo. Rai yangu ni kwamba kilichopungua pale kilikuwa mkataba, yaani hati ya kumpa mwenye ardhi na mwenye chuo cha hapa haki ya kushiriki katika matunda ya utafiti wa kijeshi, na kwamba hati ya namna hiyo haijawa desturi nchini mwetu hadi leo, ilhali jeshi letu limekwisha kupata viwanda, vyuo na hata setilaiti.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya kale. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo watoto wa Kenya walianza kuchanjwa huko Homa Bay mwezi wa Septemba 2019, na ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi tarehe 6 Oktoba 2021, asili yake ni ushirika wa maabara ya kampuni moja ya Ubelgiji, ambayo leo ni sehemu ya kampuni ya dawa ya GSK, na Taasisi ya Walter Reed ya jeshi la Marekani, ambayo wataalamu wake walikuwa wakitafuta kinga kwa ajili ya askari wao watumwao katika nchi zenye malaria. Chanjo yenyewe ilibuniwa mwaka 1987. Majaribio yake makubwa, yaliyofanyika baina ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, yaliwashirikisha watoto 15,459, na katika vituo kumi na kimoja vya majaribio hayo vitatu vilikuwa vya Kenya: Kombewa, Siaya na Kilifi. Madaktari wetu walifanya kazi kwa uhodari, wala hakuna mwenye insafu awezaye kuwanyima sifa yao. Lakini mwaka 2021, GSK ilipotangaza kwamba itahamisha utengenezaji wa chanjo hiyo, mkabidhiwa alikuwa kampuni ya Bharat Biotech ya India. India ilikuwa na kiwanda kilicho tayari kupokea. Sisi tulikuwa na watoto walio tayari kuchanjwa.

Wala haikulazimu iwe hivyo, maana jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha sura nyingine ya jambo hili. Majeshi ya Urusi, Ujerumani na Marekani ndiyo yaliyotangulia, katika Vita vya Pili vya Dunia, kupaka vyandarua na nguo za askari dawa ya kuua wadudu. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza wakatoa permethrini, dawa iliyoigwa kwa hila za kemia kutokana na pareto ileile, na jeshi la Marekani likaitia katika sare za askari wake. Halafu Wajapani wa Sumitomo wakaifunga dawa hiyo ndani ya uzi wenyewe wa chandarua. Mwaka 2003 kampuni ya A to Z ya Arusha ilianza kufuma vyandarua hivyo kwa idhini ya Sumitomo, na kiwanda chake kikaja kuajiri maelfu ya watu. Arusha haikuvumbua kitu katika silsila hiyo yote. Ilitia sahihi, ikajenga, ikafuma.

Sasa tuitazame hali yetu. Mwezi wa Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua huko Ruiru kiwanda cha bunduki kilichogharimu Sh bilioni 4, chenye uwezo uliotajwa wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka. Eldoret kiko kiwanda cha risasi tangu miaka ya tisini. Lanet kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kilichopewa hati yake mwaka huohuo wa 2021. Na Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017 chini ya Wizara ya Ulinzi, lilirusha tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti iitwayo Taifa-1, ambayo wahandisi wa Kenya waliisanifu na kuiunda kwa msaada wa kampuni ya Bulgaria, kwa madhumuni yaliyotangazwa ya kupiga picha za mashamba, misitu na ukame. Fauka ya hayo, askari wahandisi waliifufua reli ya Nanyuki mwaka 2020, na katika mwaka huohuo Tume ya Nyama ya Kenya ikahamishiwa chini ya Wizara ya Ulinzi.

Hapa sharti tutenganishe mambo mawili ambayo wasemaji wa serikali hupenda kuyachanganya. Askari akikarabati reli au akichinja ng'ombe, hiyo ni kazi ya raia iliyokabidhiwa askari, na huenda ikafanywa vizuri au vibaya kama kazi yoyote. Ilimu haijatoka kambini hata kidogo, bali kambi ndiyo iliyotanuka. Kutoa ilimu ni kinyume cha hayo: ni kwamba fundi wa kiwanda cha Ruiru aliyejifunza kuchonga chuma kwa mashine kwa usahihi wa sehemu ndogo mno ya milimita, maarifa yake yafike kwa mafundi wa jua kali wa Gakoromone, ambao pampu zao za maji zimechakaa na vipuri vyake hutoka ng'ambo; tena ni kwamba picha za Taifa-1 zifike kwa mwanafunzi wa Embu awezaye kusema ni mashamba yepi ya Mbeere yamekauka kabla chifu hajaandika barua ya kuomba chakula cha msaada. Kiwanda cha bunduki kisichofundisha mtu yeyote nje ya ukuta wake ni gharama tupu, hata kama bunduki zake ni nzuri.

Na tusijidanganye kwamba watu wa upande huu wa Mlima Kenya ni wageni wa mambo hayo. Wahunzi wa Mbeere waliyeyusha mchanga mweusi wa mitoni wakapata chuma cha mikuki na majembe kwa moto uleule mmoja, zamani sana kabla ya mzungu yeyote kuufikia mto Tana. Na wajukuu wa wahunzi wa mlima huu, walipoingia msituni baada ya hali ya hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya baiskeli. Wapiganaji wa Meru chini ya Musa Mwariama waliijua kazi hiyo. Ujuzi ule haukupata chuo wala karakana ya kuulea baada ya Uhuru. Walioutumia walirudi mashambani, wale waliopata mashamba.

Chuo sasa kipo, tena viwili. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati yake mwaka 2013, kimesimama Nchiru juu ya ardhi iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke. Na kutoka hapo hadi Isiolo, ambako iko Shule ya Askari wa Miguu na vikosi vya vifaru, si safari ya kumchosha mtu. Chuo Kikuu cha Embu, kilichopewa hati yake mwaka 2016 mahali palipokuwa chuo cha kufunzia maafisa wa kilimo, ni jirani wa kituo cha utafiti wa mahindi ambacho kimekwisha kutuonyesha jinsi ya kufanya jambo hili. Katika kituo hicho zilizalishwa mbegu za H511 na H512, zilizokusudiwa kwa ajili ya nchi za mwinuko wa kati. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ikazizidisha na kuziuza. Wenye maduka wakazifikisha vijijini. Na katika miaka michache mkulima wa Runyenjes aliyekuwa hajui mlango wa maabara alikuwa akivuna matunda yake. Mtafiti alijua ni nani atakayeichukua kazi yake, na mwenye kampuni alijua ni wapi pa kuichukua. Kwa mahindi tumeweza. Sioni sababu ya kutoweza kwa dawa ya majeraha, kwa chujio la maji, kwa nguzo ya simu ya redio iwezayo kustahimili joto la kaskazini, ambavyo kila jeshi liishilo nyikani huvihitaji na kila zahanati ya Tharaka huvihitaji vilevile.

Iko ibra moja ya kutuonya. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakatolewa hadharani, matano kwa idadi, nayo yakaenda. Wasomi walitimiza waliyoagizwa. Kilichokosekana ni mwekezaji wa kuyaunda kwa wingi na mnunuzi wa kuyanunua, kwa sababu shauri lote lilianzia Ikulu likaishia Ikulu, na kampuni iliyoundwa kwa ajili ya magari hayo ikageuka kuwa karakana ya vipuri. Amri ya mkubwa haiwezi kukaa mahali pa soko, na nachelea kwamba baadhi ya miradi ya leo ya ulinzi inaifuata njia ileile, kwa sherehe zilezile za kukata utepe.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya jeshi ni siri, na kwamba chuo kikishirikiana na kambi huenda kikageuzwa mtumwa wa silaha. Hofu ya pili naiheshimu kuliko hoja ya kwanza. Watu wa Archer's Post na Dol Dol wanajua kwa miili yao maana ya jeshi lifanyalo mambo yake bila kuulizwa: mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wasamburu na Wamaasai 228 jumla ya pauni milioni 4.5 kwa ajili ya majeraha na vifo vilivyosababishwa na mabomu yaliyoachwa katika viwanja vya mazoezi. Lakini dawa ya hofu hiyo ni mkataba ulio wazi, unaotaja ni utafiti gani, kwa fedha za nani, na haki ya uvumbuzi ni ya nani. Na Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kusema katika kifungu cha 239 kwamba vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya raia. Kuhusu siri, Marekani, ambayo siri zake za kijeshi ni nyingi kuliko zetu mara elfu, ilipitisha mwaka 1986 sheria inayoziruhusu maabara za serikali, za jeshi zikiwamo, kufunga mikataba na viwanda na vyuo, na kumpa mvumbuzi aliye mtumishi wa serikali fungu la mapato lisilopungua asilimia 15. Wenye siri kubwa wamepata njia, sembuse sisi?

Sheria ya kutusaidia tunayo. Ile ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda mfuko wa taifa wa utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa, kiasi ambacho Hazina haijawahi kukikaribia, na ikaunda wakala wa ubunifu wenye wajibu wa kuviunganisha vyuo na viwanda. Wakala huo na Wizara ya Ulinzi ni watoto wa serikali moja.

Basi ombi langu ni kwa mabaraza ya vyuo vikuu vya Meru na Embu, na kwa magavana wa kaunti hizo mbili: wasingoje mwaliko kutoka Nairobi. Na waandike wao, mwaka huu, barua moja ya pamoja kwa Waziri wa Ulinzi, wakiomba mambo mawili tu, yaani picha za setilaiti za mashamba ya Meru, Tharaka na Mbeere zitolewe bure kwa watafiti, na nafasi za mafunzo ya uanagenzi katika kiwanda cha Ruiru kwa vijana wa uhandisi na mafundi wa jua kali. Na nakala ya barua hiyo, pamoja na jibu lake, ichapishwe gazetini ili walipa kodi waisome.