SADAKA IPIMWE KWA ALICHO NACHO MTU

Kila baada ya mavuno, waumini wa Kikristo wilayani Karatu hupeleka kanisani mahindi, maharage, ngano na ngwara. Na wale wa Mang'ola hupeleka vitunguu. Ibada ikiisha, vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa, na fedha huingia katika mfuko wa usharika au parokia. Ng'ambo ya lango la Lodoare, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, hali ni nyingine. Huko kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, na kikazuiwa tena mwaka 2009. Mfugaji wa huko hana gunia la kupeleka madhabahuni. Hupeleka mbuzi au kondoo.

Kwetu sisi, gunia na mbuzi ni sadaka moja. Mkristo hamlishi Mungu, wala hanunui baraka. Anakiri kwamba mvua na malisho hakuvifanya yeye, naye hurudisha sehemu kwa shukrani.

Utoaji huu haukuja wenyewe. Mwaka 1966, Padre Vincent Donovan, Mmarekani aliyekuwa katika misheni ya Loliondo, alimwandikia askofu wake kwamba misheni ilikuwa na shule na hospitali, lakini Wamasai waliokuwa wameipokea imani kwa dhati walikuwa karibu hawapo. Misheni ilikuwa ikitoa, wenyeji wakipokea. Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa Kenya aliyataka makanisa ya Afrika yasite kwa muda kupokea fedha na wamisionari kutoka ng'ambo, ili yajifunze kusimama kwa miguu yao. Kwa hiyo mbuzi anayeletwa kanisani leo si jambo dogo. Anayemleta anasema: Kanisa hili ni letu.

Hata hivyo, jambo jema laweza kuharibiwa na namna linavyotendwa. Ipo desturi katika baadhi ya makanisa nchini ya kuipangia kila kaya kiasi kimoja cha fedha, na kusoma hadharani majina ya wasiokamilisha. Tujiulize maana yake ni nini kwa mfugaji ambaye ukame wa miaka ya 2021 na 2022 ulimwachia mifugo michache, au kwa mjane wa Karatu ambaye mahindi yake yamekauka kabla ya kubeba. Mtu huyo hatajifunza kutoa zaidi. Atajifunza kubaki nyumbani siku ya Jumapili. Yesu alimsifu mjane maskini kwa senti mbili. Hakusoma jina lake katika orodha ya wadaiwa.

Viongozi wa makanisa watasema kwamba mwinjilisti na katekista wanahitaji kula, na kwamba paa haliezekwi kwa maneno. Ni kweli, nasi hatubishi. Lakini njia ya kuujaza mfuko si aibu, bali ni uaminifu. Muumini akisomewa waziwazi kilichopatikana katika mnada, kilichotumika na kilichobaki, mkono wake hufunguka wenyewe. Akifichwa hesabu, hata tajiri hutoa kwa kijicho.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, sadaka ipimwe kwa alicho nacho mtu, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorintho. Pili, hesabu zisomwe mbele ya waumini wote, si mbele ya wazee wa kanisa peke yao. Tatu, katika mwaka wa njaa sehemu ya sadaka irudi kwa wenye shida, awe mkulima wa Karatu au mfugaji wa Ngorongoro. Mungu hapungukiwi na kitu gunia moja la mahindi likirudi katika nyumba isiyo na unga. Hapo ndipo itakapoonekana kwamba lililetwa kwa imani.