Gongo la Bei Mbaya, Meno Je?

Mwezi huu naongea na nyie mnaocheza mpira wa magongo wikiendi, na zaidi sana na wapenzi wenu, maana nyie ndio mnaobaki na mgonjwa nyumbani.

Wapo wanaodhani magongo ni mchezo wa watu wa mbali. Wapi! Kenya ilishika nafasi ya 6 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na Tanzania ilipeleka timu Moscow mwaka 1980. Mchezo ni wetu. Tatizo ni namna tunavyouingia.

Mtu akipata mshahara anakimbilia gongo la bei mbaya, halafu anaingia uwanjani na soksi tupu. Jamani, ule si mpira wa tenisi. Ni mgumu, una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, na unaruka bila hodi. Sheria za kimataifa zinapendekeza mchezaji wa ndani avae kinga za ugoko, kifundo cha mguu na mdomo. Kupendekeza si kulazimisha, kwa hiyo uamuzi mara nyingi unabaki kwako.

Anza na meno. Kinga ya kulainisha kwa maji ya moto kisha unaing'ata mpaka ishike umbo la meno yako inafaa kwa wengi, ila fuata maelekezo ya pakiti. Ile inayotengenezwa na daktari wa meno inakaa vizuri zaidi, na kama una waya za kunyoosha meno, muone kwanza. Kipimo ni rahisi: ifunge mdomoni, vuta pumzi, ongea. Ikidondoka ukifungua mdomo, haikufai.

Shingadi ifunike kuanzia kifundo mpaka chini kidogo ya goti. Ijaribu dukani ukiwa na soksi za mchezo, kisha kimbia hatua chache. Ikizunguka mguuni, irudishe. Glovu ya mkono wa kushoto nayo si urembo; ukilaza gongo chini kuzuia mpira, vidole vya mkono huo ndivyo vinavyosagika kwenye nyasi bandia.

Kwa anayezuia kona ya adhabu, barakoa ya uso ni lazima kwa mwenye akili. Na kama wewe ni golikipa, hapo hakuna mjadala: helmeti, kinga za miguu na viatu vya kupigia mpira vimo kwenye sheria. Ongeza kinga ya kifua na sehemu za siri, wanaume kwa wanawake. Helmeti ya bodaboda haihusiki hapa.

Mtumba je? Shingadi ya mtumba sawa, kama haina ufa na mikanda inashika. Helmeti usiyojua imepigwa mara ngapi, achana nayo. Kinga ya meno ya mtu mwingine, hata ya mpenzi wako, usithubutu.

Na likitokea la kutokea, jino la ukubwani likang'oka, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Litie kwenye maziwa, kimbilia kwa daktari wa meno haraka, ikiwezekana ndani ya saa moja. Usilifunge kwenye leso likakauka.

Sasa nyie wapenzi. Birthday inakuja na unawaza manukato tena? Mpelekee kinga ya meno na shingadi nzuri. Atacheka, lakini atavaa. Na wewe mchezaji, usimwambie mwenzako "hunielewi" akikuuliza vifaa viko wapi. Anayeuliza hivyo anataka urudi nyumbani na tabasamu lile lile lililomvutia.

Gongo linaweza kusubiri mshahara ujao. Meno ya ukubwani hayaoti mara ya pili. Tukutane mwezi ujao!