Mzee Hangoji

Kijana wa Kwa Sadala, wilayani Hai, akitaka kuandika historia ya filamu nchini mwake, huambiwa: ngoja, ushahidi uko London. Si uongo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Waingereza, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulipiga filamu zipatazo 35; zilizosalia ni chache mno, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Nakala zake na zidaiwe. Lakini kungoja si utafiti!

Sisi wapenzi wa ushairi tuna hoja ya kumpa. Tungo za Muyaka zimetufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliwaendea wazee, akasikiliza, akaandika. Hakungoja kabati la mtu. Mzee aliyetazama sinema ya gari, usiku uwanjani, anajua watu walicheka wapi na nani aliwafasiria. Hayo hayamo katika mkanda wowote. Msomi anayeudharau ushahidi huo kwa kuwa hauna karatasi anaizika historia anayodai kuitafuta.

Basi barua na iende London, lakini kalamu itangulie Kwa Sadala. Kabati litangoja, mzee hangoji.