Juu ya nini Zau hakuletwa kwenye Play 4?

Juma mbili zilizopita nilikuwa mu chumba kimoja cha jeu, kule Mikelenge, nikingojea mvua iishe. Mwenye chumba ana Play 2 tatu, Play 3 mbili, na Play 4 moja ambayo ameifunika kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Mechi kwenye Play 2 ni franka 500. Kwenye Play 4 ni franka 1000, na anayeangusha maneti anailipa. Umeme unatoka kwa pano iliyo juu ya bati, na pano ikichoka anawasha grupe. Wateja wake ni watoto wa wachimbaji, na siku za Jumamosi wachimbaji wenyewe, wale walioshuka kutoka Kailo au Kalima na vumbi bado liko kwenye viatu.

Kijana mmoja wa miaka kumi na nne akanisogelea na telefoni. Baba yake alikuwa mchimbaji. Shimo lilimfunika miaka miwili iliyopita, na wengi mu kartie wanamkumbuka. Akaniwekea video. Nikaona kijana mweusi mwenye masiki mbili, moja ya jua na moja ya mwezi, anaruka juu ya mawe, anapigana, halafu anafungua kinywa na kusema. Anasema Kiswahili. Si tafsiri iliyoandikwa chini ya ekra, hapana: sauti yenyewe.

«Papa, uyu anasema sawa sisi. Tutamucheza wapi?»

Mwenye chumba akajibu bila kugeuka: «Uyu ni wa Play 5. Hapa hakuna.»

Kijana akazima telefoni ili kuhifadhi mega zake. Mimi mvua iliisha lakini nilibaki, kwa sababu mjadala ulikuwa umewaka.

Jeu hiyo inaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Ilitoka tarehe 23 Aprili 2024. Imetengenezwa na studio ndogo ya Uingereza, Surgent Studios, ya Abubakar Salim, mwigizaji mwenye asili ya Kenya ambaye wachezaji wengi wanamjua kwa sauti ya Bayek mu Assassin's Creed Origins. Aliyeichapisha na kuiuza ni EA, ile kampuni kubwa ya Marekani ambayo watoto wetu wote wanaijua kwa sababu ya FIFA. Salim alifiwa na baba yake, na jeu imetoka mu maumivu hayo. Zau ni mganga kijana. Baba yake amekufa. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwambia: nitakuletea roho tatu kubwa zilizokukataa, nawe unirudishie baba yangu. Jina Kalunga si geni hapa Kongo. Waluba wanalo, Wakongo wanalo.

Sasa fikiri ni nani aliyeketi mbele ya ile telefoni.

Tuje kwenye uamuzi wenyewe. EA iliitoa jeu kwenye Play 5, kwenye Xbox mpya za Series, kwenye Nintendo Switch na kwenye kompyuta. Play 4 haikuwamo. Telefoni pia hapana. Mwanafunzi mmoja wa Université de Kindu aliyekuwa pale aliwatetea: mashine ya zamani haina nguvu, studio ndogo haina watu wa kuandika programu mara tano, na kila mashine mpya inayoongezwa ni mishahara, ni miezi ya kujaribu, ni ruhusa ya kuomba kwa mwenye mashine. Hayo ni kweli, na sitaki kumcheka. Kuhamisha jeu kutoka mashine moja kwenda nyingine si kama kunakili wimbo kwenye flashi.

Lakini hoja ya nguvu haisimami. Nintendo Switch ni mashine ndogo ya kubeba mkononi, ya mwaka 2017, na nguvu zake ni chini ya zile za Play 4. Kama walikaa wakaipunguza jeu mpaka ikaingia kwenye Switch, basi Play 4 ingeimeza bila taabu. Hapo mwanafunzi alinyamaza kidogo, akasema labda ni biashara.

Vema, tuzungumze biashara. Play 4 ziliuzwa zaidi ya milioni 117 duniani. Play 5, mwezi ule jeu ilipotoka, zilikuwa karibu milioni 59. Na EA hiyohiyo, Septemba 2023, ilitoa mpira wake FC 24 kwenye Play 4. Septemba 2024, miezi mitano baada ya Zau, ikatoa FC 25, tena kwenye Play 4. Kumbe kwa mpira Play 4 ilikuwa hai, ina watu, ina faida. Kwa jeu inayosema Kiswahili, Play 4 ilikuwa imekufa? Mimi sioni namna ya kuyapatanisha hayo mawili. Wala siamini kwamba walikaa mezani wakasema tuwafungie Waafrika mlango. Nadhani ni baya zaidi ya hapo: mu ile hesabu hatukuwamo hata kidogo. Kiswahili kilikuwa pambo la jeu, kitu cha kumpendeza mnunuzi wa London. Hakuna aliyejiuliza wanaokisema wana mashine gani.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichekesha kwa uchungu. Duka rasmi la Sony la intaneti, lile la kununulia jeu za Play, mu Afrika yote ni Afrika Kusini tu iliyo kwenye orodha. Kongo haiko. Kenya haiko. Tanzania, kwenye Kiswahili chenyewe, haiko. Mtu wa Nairobi mwenye Play 5 anajiandikisha na anwani ya Ulaya au ya Amerika, kama mwizi wa anwani, ili anunue jeu inayosema lugha ya mama yake. Mei 2024 ulimwengu wote uliliona tatizo hilo, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti yake: nchi zaidi ya 170 zikajikuta haziwezi tena hata kuinunua. Wazungu walipiga kelele siku tatu, Sony ikarudi nyuma kuhusu akaunti. Sisi tumekaa hivyo miaka yote.

Tuseme sasa neno ambalo ninyi wachimbaji mlikuwa mnalingojea tangu mwanzo. Mwisho wa mwaka 2000, Play 2 ilipokuwa imetoka na telefoni zinaongezeka, bei ya koltani ilipanda mara nyingi, watu wakaacha mashamba, 2001 ikaanguka. Wengine huko nje waliiita vita ya PlayStation. Mimi husema tusikuze: walanguzi wa bei walifanya kazi kubwa kuliko Play 2, na hapa Maniema mkate wetu ni kasiterite zaidi kuliko koltani. Lakini kasiterite ndiyo étain, na karibu nusu ya étain ya dunia inaishia kwenye sudire. Tangu 2006, Ulaya ilipokataza risasi kwenye vyombo vya elektroniki, sudire ni étain karibu tupu. Hakuna konsoli, iwe ya zamani au mpya, inayoshikana bila étain. Haina maana kwamba kila Play 5 ina gramu ya Kalima ndani yake. Étain inatoka pia Indonesia, China, Peru. Ni kusema tu kwamba mu hiyo kazi sisi si wageni.

Na dunia ikitaka kutupata, inatupata. Mwaka 2010 Wamarekani walipotunga sheria yao juu ya madini ya vita, habari ilifika mpaka Punia. Septemba mwaka ule Rais Kabila akafunga uchimbaji mu Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na familia zilizolala njaa miezi ile ziko zinasoma gazeti hili. Baadaye zikaja etiketi: kila gunia na namba yake, ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka shimo gani. Kwa hiyo wanaweza kulifuata gunia kutoka Kalima mpaka kiwandani Asia. Ila jeu kutoka London mpaka Mikelenge, hiyo haina njia.

Mwenye chumba, ambaye ndiye mfanyabiashara peke yake kati yetu, alinikatiza hapo. «Muzee, sema ukweli. Disiki zangu zote ni za kuchongwa. Mu Kindu nani amelipa EA hata dola moja?»

Hilo ndilo jibu gumu kuliko yote, na sikuwa na la kulificha. Ni kweli. Kwa EA sisi ni sifuri, na sifuri hatujaifuta wenyewe. FIFA za Play 2 zinazochezwa pale zimebadilishwa na mafundi wa mtaani: majina mapya, jezi mpya, juu ya jeu ya zamani. Hata kwenye telefoni vijana wanacheza mpira wa PSP uliopachikwa timu za msimu huu. Lakini nilimuuliza nami: uwalipe wapi? Duka halikutambui, karti ya benki huna. Una Airtel Money na M-Pesa, ambazo duka lao haliulizi. Zau ilikuwa dola 20 hivi. Chumba chake kinaingiza wateja kutoka asubuhi mpaka saa mbili ya usiku. Dola 20 kwa jeu ambayo kila mtoto wa kartie atataka kuiona angezirudisha mu siku chache. Alikubali, kwa kichwa tu, bila maneno. Play 5 yenyewe je? Ilianza dola 499 mwaka 2020, kabla ya kuongeza ndege au barabara mpaka Kindu. Mchimbaji ajihesabie mwenyewe ni kilo ngapi.

Na ni hapa ambapo EA, kwa maoni yangu, ilikosea hata mu hesabu yake yenyewe. Mashine hazifi siku kiwanda kinapochoka. Play 2 ilitoka 2000, na FIFA ya mwisho kwa ajili yake ilikuwa FIFA 14, mwaka 2013. Play 3 ilipata FIFA mpaka FIFA 19. Hizo za mwisho zilikuwa jeu ileile na jezi mpya, ni kweli, lakini ziliwekwa, kwa sababu mtu fulani alijua kwamba kuna nchi ambako mashine ya zamani ndiyo mashine. Konsoli inafika Kindu imechoka, kwa kupitia Dubai, Kampala, Goma, mara nyingine kwa toleka kilomita za mwisho, halafu inaishi hapa miaka kumi tena. Play 4 ndiyo kwanza zinaingia. Jeu ya Play 4 yenye Kiswahili ingekuwa na maisha hapa ambayo kule Ulaya haikuyapata. Kwa sababu kule haikuyapata: Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya kutoka, studio ilitangaza kuachisha wafanyakazi zaidi ya kumi. Sisemi Kindu ingewaokoa. Nasema walijipunguzia milango, halafu wakashangaa watu wachache wameingia.

Kuna wamama watakaosoma hapa na kukasirika. Vyumba vya jeu vinakula saa za shule, vinakula franka za chumvi. Mama mmoja wa Alunguli huvuka Lualaba kwa mtumbwi kuja kumtafuta mwanawe kwa fimbo. Nimemwona, na fimbo si ya kuonyesha tu. Ana haki. Lakini watoto wako ndani tayari, na wanachocheza ndani ni kuiba magari mu Kiingereza. Kama lazima wakae pale saa mbili, nachagua wakae na mtoto anayemlilia baba yake mu lugha yao.

Tena si lugha iliyokuja jana. Kiswahili kilifika Nyangwe na Kasongo na misafara mu karne ya 19, kabla ya Kifaransa. Mu vitabu vya shule ya watoto wetu Kiswahili ni cha madarasa ya kwanza, halafu kinawekwa pembeni. Mu sinema hakuna. Kwenye telefoni zao amri zote ni Kifaransa au Kiingereza. Ndiyo sababu yule kijana alishtuka kiasi kile.

EA bado inaweza kuiweka jeu hii kwenye Play 4; kazi ngumu ya kuipunguza ilikwisha fanyika kwa ajili ya Switch. Kuiweka kwenye telefoni za Android kungekuwa bora zaidi, ichezwe bila intaneti na kulipwa kwa telefoni. Mwanafunzi anasema haitatokea. Mwenye chumba anasema ikitokea atatoa kile kitambaa juu ya Play 4.

Kijana bado ana ile video. Ameikata vipande ili isimalize nafasi ya telefoni. Juma lililopita aliniletea kipande ambapo Zau anasema na Kalunga, akaniuliza maana ya neno moja, la Kiswahili cha pwani. Nami sikulijua. Tukaenda kumuuliza bibi yake, mzaliwa wa Kasongo. Bibi akasikiliza mara mbili, akataka kwanza kujua huyu mtoto anayelia ni wa nani.